Denver au Boston? Ulinganisho wa usajili na mishahara kwa anayetaka timu ya NBA ya kuishika

Wadau wa kikapu hapa Dom, swali linalorudi kila msimu ukikaribia kuanza ni lile lile, mdogo wako anakuja anakwambia kaka nataka timu moja ya NBA niishike nisihamehame, nishike ipi? Na wote tunajibu kwa jina la mchezaji, shika Denver kuna Jokić, shika Boston kuna Tatum, shika Oklahoma kuna Shai, imeisha hiyo. Mimi hilo jibu naliona ni nusu. Mchezaji unamwona uwanjani lakini timu inajengwa au inabomolewa mwezi wa saba wakati hamna hata mechi moja, watu wako ofisini na makaratasi ya mishahara, na ukishaamka usiku misimu kadhaa kwa ajili ya timu ndo unajua kwamba kufungwa hakuumi kama kuona mtu wa muhimu anaachwa aende kwasababu ya hela alafu nafasi yake haijazwi na mtu.

Mimi ni wa Denver, niseme mapema mjue nasimama wapi. Kwahiyo nikiwalaumu nalaumu kama mtu wa nyumbani na nikiwasifia Boston mjue imenitoka kwa shida. Nimechagua kulinganisha hizi mbili kwasababu zinafanana mno, Denver bingwa 2023 aliyemfunga Miami 4-1, Boston bingwa 2024 aliyemfunga Dallas 4-1, na zote mbili ndani ya miaka miwili zilishavunja kile kikosi cha ubingwa sababu ya mishahara. Ila namna walivyovunja ni mbingu na ardhi. Phoenix na Oklahoma nitazigusa mwishoni maana nazo zinaulizwa sana.

Kwanza hii sheria

Bila kuelewa hii utakuwa unatukana wenye timu kwa makosa ambayo sio yao. Huku tumezoea ya Simba na Yanga, tajiri akiwa na hela anasajili, mchezaji akitaka nyongeza anapewa au anaondoka. Kule kuna mistari. Msimu wa 2025-26 kikomo cha mishahara ya timu nzima kiliwekwa dola milioni 154.6, unaruhusiwa kupita ila kwa masharti, hasa ukiwa unawabakiza wachezaji wako mwenyewe. Ukifika milioni 187.9 unaanza kulipa kodi ya anasa. Kwenye 195.9 kuna mstari wanaita aproni ya kwanza na kwenye 207.8 kuna aproni ya pili, na hiyo ya pili ndo balaa lenyewe, ililetwa na makubaliano mapya ya ligi na chama cha wachezaji ya mwaka 2023.

Ukiivuka huwezi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili watatu ukabadilishana na staa mmoja, huwezi kuweka hela taslimu kwenye dili, mtu wa kutoka nje unamsajili kwa mshahara wa kima cha chini cha ligi tu, na chaguo lako la drafti (zamu yako ya kuchagua kijana mpya anayeingia ligi) la raundi ya kwanza la miaka saba mbele linafungiwa, hulitoi kwa mtu. Ukikaa humo muda mrefu hilo chaguo linasukumwa mpaka mkiani mwa raundi hata kama timu yako imekuwa mbovu. Na kodi nayo, kwa timu inayolipa mwaka baada ya mwaka, kuanzia msimu huo wa 2025-26 inaanzia dola tatu kwa kila dola moja uliyozidisha. Yaani mchezaji wa milioni 10 anaweza kukutoka zaidi ya milioni 40. Hapo ndo unaelewa kwanini matajiri wenye hela zao wanaanza kuhesabu.

Kwahiyo mtu akiachwa uliza hivi, sheria iliwazuia kumbakiza au waliweza wakaogopa gharama? Na kama waliogopa gharama, ile nafuu waliyoipata waliifanyia nini? Haya maswali mawili ndo yananisaidia mimi kuliko majina yote.

Denver, kuvuja kidogo kidogo

Wa kwanza kuondoka ni Bruce Brown, mwezi wa saba 2023, shangwe za ubingwa hazijapoa. Alikuja 2022 kwa mshahara wa kama milioni 6.5, na kwakuwa alikaa msimu mmoja tu sheria iliwaruhusu Denver kumwongezea asilimia 20 basi, yaani kama milioni 7.8. Indiana wakamwekea mezani milioni 45 kwa miaka miwili. Hapo hata ungekuwa wewe ungefunga begi. Kwa Brown siwalaumu, mikono ilifungwa. Jeff Green naye akaenda Houston, mzee kweli lakini dakika zake zilikuwa na kazi.

Shida ni kilichofuata. Meneja mkuu wa kipindi hicho Calvin Booth aliamini watoto wa drafti watakua ndani ya msimu na kujaza, kina Christian Braun, Peyton Watson, Julian Strawther. Braun kweli alikua, hapo alipatia, simnyimi sifa yake. Ila Oktoba 2023 wakampa Zeke Nnaji miaka minne milioni 32, mchezaji ambaye kwenye mchujo, yaani zile mechi za mtoano baada ya msimu wa kawaida, alikuwa mtu wa benchi. Simsemi Nnaji mwenyewe, kijana kapewa mkataba kasaini, nani angekataa. Nawasema walioona kuna milioni 8 za mwaka za kumpa mtu ambaye kocha hamtumii alafu baadaye wakaja kutuambia bajeti imebana.

Mkitaka kuona maana yake angalieni mechi ya saba na Minnesota, tarehe 19 Mei 2024, huku ilikuwa usiku wa kuamkia Jumatatu. Denver wako nyumbani, robo ya tatu wanaongoza kwa pointi 20. Wakafungwa 98-90. Jamal Murray alifunga 35, Jokić 34, wengine wote waliobaki ukiwajumlisha walipata 21. Ishirini na moja! Timu ya bingwa mtetezi! Miguu iliisha, maana nyuma hapakuwa na mtu wa kuingia ukasema huyu atatushikia hata dakika sita. Sisi wa ofisi za serikali tulienda Mtumba asubuhi ile macho mekundu, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba hilo pengo lilionekana tangu Oktoba.

Sasa ungetegemea dirisha linalofuata waseme basi, tumejifunza. Mwishoni mwa Juni 2024 Kentavious Caldwell-Pope (KCP) aliukataa mwaka wake wa mwisho wa kama milioni 15.4, akaingia sokoni, Julai Orlando wakampa milioni 66 kwa miaka mitatu. Na hapa msinichanganyie na ya Brown. Kwa KCP sheria haikukataza, Denver walikuwa na haki kamili ya kumlipa, wangevuka aproni ya pili, wakaona hapana. Waliweza, hawakutaka.

Niwe mkweli lakini. KCP kule Orlando mitupo yake ya pointi tatu ilishuka na Juni 2025 Orlando wenyewe walimtoa kwenda Memphis kwenye dili la Desmond Bane, kwahiyo anayesema milioni 22 kwa mwaka zilikuwa nyingi kwa mtu wa miaka 31 ana hoja, sibishani naye. Ninachobishia ni kile walichokifanya baada ya kumwacha. Ukikwepa mstari wa aproni maana yake umenunua uhuru wa kufanya dili. Uhuru ule wakaufanyia nini? Wakamleta Russell Westbrook kwa kima cha chini, akajitahidi kwa kweli, wakamleta Dario Šarić kwa kama milioni 5.2 ambaye hakucheza sana, alafu wakawapa Charlotte machaguo matatu ya raundi ya pili ili tu wamchukue Reggie Jackson mshahara utoke kwenye vitabu. Unalipa ili mtu aondoke! Na familia inayomiliki timu ni ya Kroenke, wadau wa Arsenal humu mnawajua vizuri, hao hao wana Rams ya mpira wa Kimarekani na Avalanche ya hoki ambazo zote mbili zilibeba ubingwa 2022, kwahiyo mtu asije akaniambia hela hamna.

Wakati huo huo Jokić anafanya maajabu. Msimu wa 2024-25 alimaliza na wastani wa pointi 29.6, ribaundi 12.7 na asisti 10.2, hakuna senta aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Mtu wa namna hiyo, aliyechaguliwa namba 41 mwaka 2014, unampata mara moja kwenye maisha ya klabu, na misimu miwili ya ubora wake imepita anacheza na watu saba wanaoaminika, wengine watazamaji. Mvutano wa ndani ukawa mkubwa mpaka Aprili 8, 2025, mechi tatu tu kabla ya msimu wa kawaida kuisha, wakamfukuza kocha Michael Malone na Booth siku moja. Bado walimsukuma Oklahoma mpaka mechi ya saba ndo wakatoka. Daah.

Boston, kukata kwa mkupuo

Hawa walipita njia nyingine kabisa. Kabla ya ubingwa na baada yake walifungua pochi bila kuuliza. Jaylen Brown 2023 alisaini mkataba wa kufikia milioni 304, Jayson Tatum 2024 akasaini milioni 314 miaka mitano, Derrick White akaongezewa, Jrue Holiday akapewa milioni 135 kwa miaka minne. Walikuwa juu ya aproni ya pili na wanalijua hilo, wakasema tunacheza hivi hivi mpaka ikatike. Matokeo ni ushindi wa mechi 64 msimu wa ubingwa na 61 msimu uliofuata, na taji la 18.

Ikakatika kweli. Mei 12, 2025 pale Madison Square Garden Tatum akakatika kano ya kisigino kwenye mechi ya nne na Knicks, timu ikatolewa. Kwa mkataba walionao mishahara na kodi ya msimu wa 2025-26 vilikuwa vinaelekea kuvuka dola milioni 500, timu yenyewe ikiwa katikati ya kuuzwa kwa kundi la Bill Chisholm kwa dola bilioni 6.1. Unalipa nusu bilioni kwa timu ambayo staa wake yuko kwenye magongo?

Kwahiyo Brad Stevens, bosi wa usajili wa Boston, akakata. Ndani ya siku chache za Juni Holiday kaenda Portland akaja Anfernee Simons, Kristaps Porziņģis kaenda Atlanta akaja Georges Niang ambaye naye hakukaa, akapelekwa Utah. Luke Kornet kaenda San Antonio, Al Horford mzee wetu kaenda Golden State. Nusu ya kikosi cha ubingwa imeondoka kwenye dirisha moja. Mashabiki wa Boston walilia sana na nawaelewa, hasa kwa Holiday na Horford, hao sio watu wa kuwaaga kwa ujumbe wa simu.

Ila tazama ndani ya ile dili ya Holiday. Holiday alikuwa na miaka 35 na alikuwa anadai bado misimu mitatu ya jumla ya zaidi ya milioni 104. Simons alikuwa na mwaka mmoja, kama milioni 27.7. Boston hawakuokoa mwaka ule tu, walifuta deni la miaka miwili ya mbele ambayo Tatum atakuwa amerudi. Na watu wa msingi hawakuguswa, Tatum, Brown, White, na Payton Pritchard ambaye analipwa kidogo mno ukilinganisha na kazi yake, mchezaji bora wa akiba wa ligi 2025. Wakashuka chini ya aproni ya pili na mlango wa kufanya dili ukafunguka upya.

Ukiziweka mezani pamoja

Denver walibana wakati staa wao ni mzima na yuko kileleni, Boston walibana baada ya staa wao kuumia. Hapo ndo tofauti yangu kubwa ipo. Kubana sio dhambi, kila timu itabana siku moja kwa sheria hizi, lakini kuna muda wake. Denver walibana kwenye miaka ambayo walitakiwa kulipa kodi, huku wakisema tunautaka ubingwa, Boston walilipa wakati wa kulipa wakaacha wakati wa kuacha, na hawakumdanganya mtu kwamba msimu wa 2025-26 ni wa kombe.

Kwa mikataba mibovu pia Boston wako juu, hawana Nnaji wao. Kwa kulea watoto naona wanatoshana, Braun upande huu Pritchard upande ule. Kwa uvumilivu wa kocha Boston wanashinda, Joe Mazzulla aliongezewa mkataba Agosti 2025 wakati Malone mwenye ushindi mwingi kuliko kocha yeyote kwenye historia ya Denver alitolewa mlangoni Aprili.

Ila haki itendeke, dirisha la 2025 Denver walibadilika. Booth kaondoka, wakaja Ben Tenzer na Jonathan Wallace, na kwa mara ya kwanza tangu ubingwa nikaona watu wanaofanya kazi. Michael Porter Jr, ambaye mkataba wake mkubwa ulisainiwa tangu 2021, akapelekwa Brooklyn akaja Cam Johnson anayelipwa pungufu kwa kama milioni 17 kwa mwaka na anayekaba vizuri zaidi. Ile tofauti ndo iliyofungua njia. Jonas Valančiūnas akatoka Sacramento kwa kubadilishana na Šarić, senta wa akiba wa kweli, kitu ambacho Jokić amekikosa miaka nenda rudi. Tim Hardaway Jr akaja kwa kima cha chini. Na Bruce Brown akarudi! Kwa kima cha chini! Nilipoiona ile taarifa nilipiga kelele kijiweni mpaka muuza kahawa akauliza kuna nini.

Bei yake ipo, ili Brooklyn wakubali Porter iliwabidi Denver waweke chaguo la raundi ya kwanza la mwaka 2032 bila kinga yoyote, yaani hata likiwa la juu kabisa linaenda. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza 2025 atakuwa yuko sekondari wakati hilo deni linalipwa. Mimi nalikubali. Ukiwa na Jokić unauza kesho ununue leo, hicho ndo kitu nilichokuwa nalilia tangu 2023, na uchungu wangu ni kwamba haya yote yangeweza kufanyika mapema, Julai 2024 ile ile, Jokić akiwa na umri wa miaka 29.

Muda wa mechi, usidharau

Hili watu hawalisemi wakati wa kuchagua alafu wanakuja kuchoka. Mechi za nyumbani za Boston zinaanza saa moja na nusu jioni kwao, kwahiyo kuanzia Novemba mpaka Machi huku ni saa tisa na nusu usiku, na wakisogeza saa zao ni saa nane na nusu. Huo ni usingizi katikati, ukiamka umeukata na ukimaliza mechi huna pa kuuweka tena. Denver saa moja jioni yao ni saa kumi na moja alfajiri yetu kipindi cha baridi lao, saa kumi wakisogeza. Unalala mapema, unaamka, unaangalia, mechi inaisha unaoga unaingia kwenye daladala. Kwa mtu wa ofisi au mwanafunzi mwenye kipindi cha asubuhi Denver inaishika kirahisi kuliko Boston, sijali mtu atasema nini. Juni tu ndo upepo wa Dodoma unakuwa mkali alfajiri, andaa blanketi sebuleni.

Na bando, kama unaangalia kwa simu jipange, mechi nzima kwa picha nzuri inakula sana. Muhtasari wa asubuhi unatosha kwa mechi za Januari.

Phoenix kwa kifupi

Usishike. Mat Ishbia aliinunua mwanzoni mwa 2023 na kwa haraka akatoa Mikal Bridges, Cam Johnson (ndo huyu huyu wa Denver), Jae Crowder na machaguo manne ya raundi ya kwanza ili ampate Kevin Durant, alafu akamchukua Bradley Beal mwenye kipengele cha kukataa kuhamishwa. Roho ya kutumia hela anayo, hilo nampa, angekuwa na Jokić labda tungekuwa tunaongea mengine. Ila 2024 wakafagiwa 4-0 na Minnesota, 2024-25 wakashinda 36 wakapoteza 46 na hata mchujo hawakuuona, huku wako juu ya aproni ya pili. Durant akaenda Houston, Beal wakavunja naye mkataba na deni lake wakalitandaza miaka mitano, zaidi ya milioni 19 kila mwaka kwa mtu ambaye hachezi kwao. Makocha watatu wamefukuzwa miaka mitatu mfululizo.

Kuna sababu moja tu ya mtu wa Afrika Mashariki kuifuatilia, Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, chaguo namba 10 la 2025 lililokuja kupitia hiyo dili ya Durant. Mfuatilie yeye, timu iache kwanza.

Oklahoma

Wabongo wengi tuliijua hii timu kwa Hasheem Thabeet. Memphis walimchagua namba mbili mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa namba tatu na Stephen Curry namba saba, na baada ya kupita Houston na Portland akatua Oklahoma 2012. Mwaka ule ule Oktoba Oklahoma wakafanya kosa ambalo kila mwenye timu angetakiwa kulisoma kabla ya kusaini chochote. Walikuwa wametoka fainali, wana Durant, Westbrook na Harden, wote vijana, na kwasababu ya tofauti ya milioni chache kwenye mkataba wa Harden na woga wa kodi wakampeleka Houston. Harden akawa MVP, mchezaji bora wa ligi, 2018 akiwa huko. Durant akaondoka 2016. Ubingwa waliupata 2025, miaka 13 baadaye, na kikosi kingine kabisa.

Kwahiyo wanaoniambia Oklahoma ndo mfano wa usimamizi bora nawakubalia kwa miaka hii, wala sio utani, Julai 2019 walimtoa Paul George wakapata Shai Gilgeous-Alexander na rundo la machaguo, na moja ya hayo ndo likamleta Jalen Williams 2022. Akili kubwa. Lakini mwezi wa saba 2025 waliwasainisha Shai milioni 285 kwa miaka minne, na Chet Holmgren na Williams kila mmoja mkataba wa miaka mitano, wa Williams ukiweza kufika milioni 287. Mikataba ya vijana hao wawili inaanza kuhesabiwa msimu wa 2026-27, wa Shai mwaka mmoja baadaye. Hapo ndo tutajua kama 2012 imewafundisha. Wachezaji wenzao kina Dort na Hartenstein watabaki? Ukiishika hii timu jiandae kwa hilo swali, wala usije ukashangaa. Mechi zao za nyumbani ni saa kumi usiku, sio mbaya.

Sasa wewe ushike ipi

Kama ndo unaanza na una subira, unataka timu ambayo watu wa ofisini hawatakupandisha presha kila Julai, chukua Boston. Nimeumia kuandika hivyo lakini ndo ukweli wangu. Watakukera kwa kuondoa watu unaowapenda ila utaelewa kwanini, na utaona hesabu inaelekea wapi. Usingizi ndo utakusumbua.

Kama unataka raha ya haraka na vijana wenzako wa rika moja, Oklahoma, ila ukiingia sasa utaitwa shabiki wa msimu, vumilia.

Kama unataka kuona mchezaji bora akiwa bado bora, njoo Denver, na njoo sasa. Usije kwa kuwaamini wenye timu, mimi bado siwaamini mpaka leo, dirisha moja zuri halifuti mawili mabovu. Njoo kwasababu Jokić amezaliwa Februari 1995 na mkataba wake unafika 2027 na hiari ya mwaka mmoja zaidi, Murray ameshafungwa kwa milioni 208 tangu 2024, Aaron Gordon yupo, Braun aliongezewa Oktoba 2025 milioni 125 miaka mitano. Msingi umeshalipiwa. Kilichobaki ni mtu wa saba, wa nane na wa tisa, wale wa milioni 5 mpaka 15 ambao kodi ndo inawafanya waonekane ghali, na hao ndo familia ya Kroenke ilikuwa inawabania. Walipe. Walipe kila mwaka ambao Jokić yupo, hata ikiwa dola tatu kwa moja, akishastaafu ndo wabane wanavyotaka na mimi sitafungua mdomo.